Ganzi ya neva na maumivu yanayobaki baada ya upasuaji wa saratani ya titi: maswali yenu na majibu yetu

Maswali ya safari hii yanahusu mambo mawili yanayokwenda pamoja: sindano ya ganzi anayochomwa mgonjwa kabla ya upasuaji wa titi, na maumivu yanayobaki hata mshono ukishapona. Tumeyafupisha, na hatutaji majina. Swali moja limetoka kwa mhudumu wa afya, ndiyo maana jibu lake lina hesabu za dozi. Hizo ni za chumba cha upasuaji, si za kujitibia nyumbani.

Swali: Mama yangu atatolewa titi lote pamoja na tezi za kwapani. Daktari wa usingizi anasema, mbali na nusu kaputi, atampa na ganzi ya neva. Kwani nusu kaputi haitoshi? Na hiyo sindano inachomwa wapi?

Nusu kaputi inamlaza mama asijue kinachoendelea, lakini haimkingi na maumivu atakayozinduka nayo. Kisu kinapopita, neva za kifuani hupeleka habari kwenye uti wa mgongo hata kama yeye amelala fofofo. Ganzi ya neva huifunga njia hiyo kabla ngozi haijakatwa. Faida yake ya hakika iko hapo: saa za kwanza zinakuwa na nafuu, dawa za jamii ya mofini zinatumika kidogo, na kichefuchefu na kutapika vinapungua.

Titi na kwapa hupata hisia hasa kutoka neva zinazopita kati ya mbavu, kuanzia ya 2 hadi ya 6, na misuli iliyo nyuma ya titi ina neva zake. Kuna njia zaidi ya moja ya kuzifikia. Ya zamani zaidi ni ya paravetebra, iliyoelezwa kwanza mwaka 1905: sindano huingia mgongoni, takriban sentimita 2.5 kando ya mstari wa uti wa mgongo, hadi kwenye kijinafasi ambamo neva hutokea kabla ya kusambaa mbavuni. Ndiyo iliyochunguzwa kwa miaka mingi kuliko zote, na kwa upasuaji mkubwa wa titi miongozo ya kitaalamu huiweka mbele. Mwaka 2011 daktari Rafael Blanco alieleza njia ya mbele ya kifua, ambayo wataalamu huiita peksi, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaiongezea sehemu ya pili inayofika hadi kwapani. Mwaka 2016 ikaja ganzi inayowekwa chini ya msuli mrefu wa mgongo. Hii ni rahisi kuiweka kwa sababu sindano inalenga mfupa, ila namna dawa inavyosambaa hutofautiana sana kati ya mtu na mtu.

Tuseme mama atapata peksi. Atalazwa chali, mkono umepanuliwa pembeni. Ngozi ya chini ya mfupa wa mtulinga husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha mtaalamu huweka kichwa cha mashine ya ultrasaundi hapo na kukiteremsha hadi ubavu wa 3 au wa 4. Kwenye kioo anaona matabaka: msuli mkubwa wa kifua, chini yake ule mdogo, kisha msuli wenye meno kama ya msumeno uliolala juu ya mbavu, na chini kabisa mstari mweupe unaong'aa na kuteleza kila mgonjwa anapovuta pumzi. Huo ni utando wa pafu, na macho ya mchomaji hayatakiwi kuuacha. Kwa kawaida mililita 10 za dawa huwekwa kati ya misuli miwili ya kifua, na mililita 20 kati ya msuli mdogo na ule wa msumeno. Dawa ikifika panapotakiwa, matabaka yanaachana taratibu na katikati panaonekana mstari mweusi. Ikijikusanya kama kivimbe ndani ya msuli, ncha ya sindano haijafika, na inabidi isogezwe. Dakika 15 hadi 20 zinatosha dawa kushika. Mara nyingi kazi hii hufanywa mama akiwa ameshalala, kwa hiyo hatasikia kitu.

Hatari zipo, japo ni chache. Kwa sindano ya mgongoni, pafu linaweza kutobolewa au presha ikashuka. Kwa njia zote, dawa inaweza kuingia kwenye mshipa wa damu, au damu ikavuja ndani. Kwa hiyo amwambie daktari mapema kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama aliwahi kudhurika na dawa ya ganzi, kama ana shida ya mapafu au mgongo uliopinda, au kidonda mahali sindano itakapopita.

Swali: Nikichomwa ganzi hiyo, nitakuwa nimeepuka yale maumivu ya kudumu ninayoyasikia kwa wenzangu?

Tungependa sana kukujibu ndiyo, dada. Jibu la kweli ni kwamba huenda ikasaidia kidogo, na usiikubali kwa ahadi hiyo.

Kwanza ujue ukubwa wa tatizo. Maumivu huitwa ya kudumu yakiendelea zaidi ya miezi 3 baada ya upasuaji, na sababu nyingine zikiwa zimechunguzwa. Nchini Denmaki waliulizwa wanawake wote waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi mwaka 2005 na 2006. Miaka 2 hadi 3 baadaye, kati ya 3,253 waliojibu, asilimia 47 walikuwa bado na maumivu sehemu moja au zaidi. Kati ya hao wenye maumivu, asilimia 13 waliyaita makali. Wengi walikuwa na maumivu madogo au ya wastani, lakini walikuwa nayo.

Sasa ganzi. Tafiti nyingi ndogo zilipojumlishwa pamoja katika tathmini ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, zilionyesha kwamba kwa takriban kila wanawake 7 waliopewa ganzi ya eneo, mmoja aliepuka maumivu ya kudumu. Watathmini wenyewe waliutaja ushahidi huo kuwa hafifu. Mwaka 2019 ukatoka utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet, wa wanawake zaidi ya 2,100 katika hospitali 13 za nchi mbalimbali. Nusu walipata ganzi ya paravetebra pamoja na propofoli, dawa ya usingizi ya kwenye mshipa, nusu wakapata usingizi wa gesi na dawa za jamii ya mofini. Baada ya miezi 6, waliokuwa na maumivu kwenye eneo la upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kila kundi. Baada ya mwaka, asilimia 28 kundi moja na 27 jingine. Hakuna tofauti.

Ukiitazama kazi ya neva, hilo halishangazi. Ganzi ya sindano moja hunyamazisha neva kwa siku moja hivi. Neva iliyokatwa au kuvutwa wakati tezi zinatolewa huendelea kuwaka kwa wiki na miezi, na mionzi ikifuata inaweza kuongeza kovu juu yake. Kwa hiyo vinavyoamua zaidi ni vingine: kama tezi zote za kwapa zinatolewa au zinapimwa zile za mwanzo tu zinazopokea majimaji kutoka kwenye titi, umri mdogo, mionzi, maumivu uliyokuwa nayo kabla ya upasuaji, wasiwasi mkubwa, na ukali wa maumivu ya siku za mwanzo.

Muulize daktari wako wa upasuaji maswali mawili kabla ya siku yenyewe: je, kwapa langu linahitaji kusafishwa lote, au zinatosha tezi za mwanzo? Na ile neva inayokatiza kwapani kwenda mkononi inaweza kuhifadhiwa? Wakati mwingine haiwezekani kwa sababu saratani imefika hapo, na saratani ndiyo inayotangulia. Inapowezekana, maswali hayo yana uzito kuliko aina ya ganzi utakayopewa. Ganzi yenyewe iombe, lakini iombe kwa ajili ya siku ya kwanza.

Swali: Niliambiwa ganzi itanisaidia. Jioni nilikuwa mzima kabisa, nikacheka na wageni. Saa nane usiku nikaamka nalia. Walikosea wapi?

Pole sana. Huenda ganzi yako ilifanya kazi vizuri. Kilichokosekana ni mpango wa saa ile inapoisha. Ganzi ya sindano moja hudumu kati ya saa 8 na 24 kutegemea dawa na mahali ilipowekwa, na ikiachia huachia kwa haraka. Mgonjwa aliyelala bila dawa yoyote mwilini hukutana na maumivu yote kwa mkupuo.

Kinga yake ni kuanza vidonge ukiwa bado hujasikia kitu. Mtu mzima wa kilo 50 au zaidi mwenye ini zima hutumia parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, kwa ratiba ya saa na si kwa kusubiri maumivu. Daktari akiruhusu, huongezwa ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 pamoja na chakula. Haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, au pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Dozi ya mwisho ya usiku imezwe wakati wa kulala, na inayofuata iwe kando ya kitanda pamoja na maji na saa ya kuamsha. Kuwe na kidonge kimoja cha akiba chenye nguvu zaidi, ulichoandikiwa kabla ya kutoka hospitali. Deksamethasoni inayotolewa kwenye mshipa wakati wa upasuaji nayo hurefusha ganzi kidogo na kupunguza kutapika.

Usiku wako ule haukuwa udhaifu. Na kama maumivu yanazidi siku hadi siku badala ya kushuka, upande mmoja umevimba ghafla na kukaza, au dreni (mrija wa kutoa majimaji kwenye jeraha) inatoa damu nyingi, hilo si suala la ganzi tena. Rudi hospitali usiku huohuo.

Swali: Mimi ni mhudumu wa usingizi. Nina mgonjwa wa kilo 48 anayetolewa matiti yote mawili. Nataka kumpa peksi pande zote, mililita 30 kila upande, bupivakeini ya asilimia 0.25. Ni sawa?

Hapana, usifanye hivyo. Piga hesabu pamoja nasi. Asilimia 0.25 ni miligramu 2.5 kwa kila mililita. Mililita 60 ni miligramu 150. Kikomo cha miligramu 2 kwa kilo, kwa kilo 48, ni miligramu 96. Umezidisha kwa zaidi ya nusu, tena kwenye eneo lenye mishipa mingi ya damu.

Ganzi hii inategemea ujazo ili isambae kati ya misuli, kwa hiyo punguza nguvu ya dawa, ujazo uache. Chukua mililita 15 za bupivakeini ya asilimia 0.5, ongeza mililita 45 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9: unapata mililita 60 za asilimia 0.125, jumla miligramu 75. Zinabaki miligramu 21. Kabla hujafurahia akiba hiyo, muulize daktari wa upasuaji kama atachoma ganzi kwenye mshono, maana hapo ndipo watu wengi huteleza: kila mmoja yuko ndani ya kikomo chake, lakini mgonjwa ni mmoja. Lidokeini na bupivakeini nazo hujumlishwa. Kubadilisha dawa hakuanzishi hesabu mpya. Adrenalini ya mikrogramu 5 kwa mililita inasaidia, kwa kuwa ikiingia kwenye mshipa mapigo ya moyo hupanda na kukupa onyo.

Vuta bomba la sindano kidogo kabla ya kusukuma, sukuma mililita 3 hadi 5 kwa wakati, ngoja, vuta tena. Kati ya misuli miwili ya kifua unapita mshipa wa ateri. Uwashie rangi kwenye mashine uuone kabla ya kuchoma. Mjulishe pia daktari wa upasuaji kwamba ganzi ya tabaka la chini inaweza kuipooza kwa muda neva ndefu ya kifua. Kama ana mazoea ya kuigusa ili aone msuli unaruka, haitajibu, naye asidhani ameikata.

Sumu ya ganzi kwa mtu aliye macho huanza kwa ladha ya chuma mdomoni, ganzi kuzunguka midomo, masikio kulia na maneno kuvurugika. Halafu degedege, halafu moyo. Aliyelala kwa nusu kaputi hatakwambia lolote, utaona moyo tu. Acha kuchoma, ita msaada, toa oksijeni, zuia degedege kwa dawa ya jamii ya diazepamu. Kisha mafuta ya mishipani ya asilimia 20, yale meupe kama maziwa: mililita 1.5 kwa kilo ndani ya dakika 2 hadi 3, kwa mgonjwa wako ni mililita 72, na baada yake mililita 0.25 kwa kilo kila dakika, yaani mililita 12 kwa dakika. Jumla isizidi mililita 12 kwa kilo. Moyo ukisimama, adrenalini itolewe kwa dozi ndogo, isizidi mikrogramu 1 kwa kilo kila mara, na kukandamiza kifua kuendelee kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea. Kama chumba chako hakina mafuta hayo, yapate kwanza, ndipo upange ganzi ya ujazo mkubwa.

Swali: Baada ya upasuaji kwapa halikuuma kabisa, lakini juu karibu na mtulinga na katikati ya kifua nilisikia kila kitu. Ganzi ilishindwa?

Ilishika pale inapofika. Ngozi ya juu ya titi, chini ya mtulinga, hupata hisia kutoka neva za shingoni, na hakuna ganzi ya kifuani inayozizima hizo. Upande wa karibu na mfupa wa katikati ya kifua, matawi ya mbele ya neva za mbavu mara nyingi huiponyoka peksi. Daktari wa upasuaji anaweza kuziba mapengo hayo kwa kuchoma ganzi kidogo kwenye kingo za mshono, ilimradi iingizwe kwenye hesabu ya dozi.

Swali: Ni miezi saba tangu nitolewe titi na tezi. Sehemu ya ndani ya mkono, juu ya kiwiko, imekufa ganzi, lakini shati likigusa tu naruka. Kuna wakati umeme unapita kutoka kwapani. Watu wananiambia nishukuru nipo hai. Natumia tamoksifeni.

Dada, kushukuru kuwa hai na kutafuta tiba ya maumivu vinakwenda pamoja. Usikubali mtu akuchagulie kimoja.

Ulivyoeleza ni kama umechora njia ya neva moja: ile inayotoka kati ya ubavu wa 2 na wa 3, ikakatiza kwapani katikati ya tezi, ikaishia kwenye ngozi ya ndani ya mkono. Iko njiani kabisa pa daktari anayetoa tezi. Ikikatwa, ngozi yake hufa ganzi; na ncha iliyobaki, au nyuzi zilizojeruhiwa, hujiwasha zenyewe. Ndiyo maana mahali pamoja pana ganzi na pana maumivu. Wengi huambiwa haiwezekani. Inawezekana, na ndiyo sura ya kawaida ya maumivu ya neva.

Kabla ya kwenda kliniki, fanya jambo moja. Kaa mbele ya kioo, chukua kipande cha pamba, kipitishe polepole kutoka sehemu nzima kuelekea sehemu mbovu, na kila hisia inapobadilika weka nukta kwa kalamu. Unganisha nukta, piga picha. Tumia rangi moja kwa mahali palipokufa, nyingine kwa mahali panaporuka. Kisha gonga kwa ncha ya kidole kuzunguka kovu la kwapa; ukipata mahali padogo ambapo kugonga kunarusha umeme mkononi, weka alama ya msalaba. Picha hiyo itamwambia daktari mambo mengi kuliko maelezo ya nusu saa. Naye anaweza kutumia kipimo cha DN4 chenye vipengele 10. Alama 4 au zaidi huelekeza kwenye maumivu ya neva.

Kwa dawa, parasetamoli haitakufikisha mbali. Amitriptilini huanzwa kwa miligramu 10 saa moja au mbili kabla ya kulala, ikapandishwa polepole kila wiki kwa maelekezo ya daktari. Hukausha mdomo, hufunga choo na huleta usingizi. Mwenye shida ya mapigo ya moyo au presha ya macho aseme kabla. Gabapentini huanzwa kwa miligramu 300 usiku, ikaongezwa hadi mara tatu kwa siku na zaidi, dozi ikipunguzwa kwa mwenye figo dhaifu, na haiachwi ghafla. Kosa tunalolisikia mara nyingi ni mtu kumeza dozi ya kuanzia kwa siku tano, akaona kimya, akaacha. Dawa hizi hupimwa kwa wiki 4 hadi 6 kwenye dozi inayofaa, na mafanikio ni maumivu kushuka kwa theluthi au nusu. Kuisha kabisa ni bahati.

Kwa kuwa unatumia tamoksifeni, dawa ya homoni ya kuzuia saratani isirudi, hapa sikiliza vizuri. Ini huibadilisha kuwa endoksifeni, ambayo ndiyo yenye nguvu, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Paroksetini na fluoksetini hukizuia kimeng'enya hicho sana. Duloksetini, ambayo huandikwa kwa maumivu ya neva, hukizuia kwa kiasi. Venlafaksini hukigusa kidogo tu, nayo imejaribiwa kwa maumivu haya. Taja tamoksifeni kila unapoandikiwa dawa mpya, hata na daktari wa meno.

Ngozi yenyewe pia hufunzwa upya. Anza na kitambaa laini kama hariri, sugua eneo kwa dakika 5 mara tatu au nne kwa siku; likizoea, hamia pamba, kisha taulo. Plasta ya lidokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 5 hukaa kwa muda wa saa 12, kisha hubanduliwa na ngozi kupumzishwa kwa muda wa saa 12, nayo hubandikwa kwenye ngozi nzima tu. Usilifiche bega: mkono unaolindwa sana huganda, na bega lililoganda huleta maumivu mapya juu ya yale ya neva. Huko Uingereza, katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, wanawake waliokuwa kwenye hatari ya shida ya bega na kuanza mazoezi ya kusimamiwa siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji walikuwa na mkono wenye uwezo zaidi na maumivu kidogo baada ya mwaka. Wewe umechelewa kuanza siku ya 7, hujachelewa kuanza.

Swali: Wiki ya nne sasa. Nikiinua mkono naona kamba imevutika kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, inauma. Ni mshipa umekatika?

Hakuna kilichokatika. Ni kamba za kwapa, zinazotokea hasa kati ya wiki ya 2 na ya 8 baada ya tezi kuguswa, na inadhaniwa ni vijishipa vya limfu vilivyoziba na kukakamaa. Kunyoosha mkono taratibu mara kadhaa kwa siku, ukipandisha vidole ukutani hadi pale unapohisi mvuto na si maumivu makali, huzilegeza. Nyingi huisha ndani ya miezi mitatu. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha. Usimruhusu mtu azivute kwa nguvu ili zikatike.

Swali: Kila nikiumwa nawaza saratani imerudi. Nitatofautishaje?

Hofu hiyo inaeleweka, na haina haja ya kubebwa peke yako. Maumivu ya neva ya upasuaji hukaa palepale, kuzunguka mshono, kwapa na ndani ya mkono. Yana sura ileile ya kuchoma au umeme, na hupanda na kushuka kwa miezi. Yanayohitaji uchunguzi bila kungoja miadi ni maumivu mapya baada ya miezi ya utulivu, ya mfupa au mgongo yanayozidi usiku na hayatulii ukipumzika, kinundu au wekundu mpya kwenye kovu, kifua au kwapa, mkono kuvimba huku ukipoteza nguvu, kikohozi na pumzi fupi zisizo na sababu, kupungua uzito. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu, nenda siku hiyohiyo, ni maambukizi. Miguu ikilegea au mkojo ukigoma pamoja na maumivu ya mgongo, nenda saa hiyohiyo.

Viungo vyote vikiuma asubuhi na unatumia anastrozoli au letrozoli, vidonge vya homoni vya saratani ya titi, dawa hizo ndizo washukiwa wa kwanza. Ganzi na michomo kwenye vidole vya mikono na miguu yote mara nyingi hutokana na tiba ya kemikali. Mwambie daktari dawa unazotumia kabla ya kumwambia hofu yako, atafika haraka kwenye jibu.

Swali: Ni kweli ganzi ya neva huzuia saratani isirudi?

Wazo hilo lilikuwepo, likapimwa. Katika utafiti uleule wa mwaka 2019, saratani ilirudi kwa asilimia 10 ya wanawake katika makundi yote mawili. Hilo lisiwe sababu ya kuchagua wala kukataa ganzi.

Swali: Titi lilishatolewa, lakini nasikia chuchu inaniwasha. Nimeanza kuchanganyikiwa?

Hujachanganyikiwa, mama. Ubongo bado unayo ramani ya titi lako, na ramani haifutwi na kisu. Kuhisi hivyo hutokea kwa wengi na hakuhitaji dawa. Kukigeuka maumivu, hutibiwa kama maumivu ya neva tuliyoeleza hapo juu. Kukuna ngozi ya kifua iliyo karibu huwasaidia baadhi.

Swali: Mama yangu ana miaka mitatu na maumivu chini ya kovu. Vidonge vimemchosha. Sindano ya ganzi inaweza kurudiwa sasa?

Inaweza, ila kazi yake sasa ni nyingine. Kabla ya upasuaji ilikuwa kuzuia. Sasa kwanza ni kutafuta. Mwambie daktari wa maumivu abonyeze kwa ncha ya kidole mstari wa chini ya titi na ubavuni, hasa pale neva za mbavu ya 4 na ya 5 zinapochomoza kuja kwenye ngozi. Mama akiruka pale pale penye upana wa sarafu, huenda neva imenaswa kwenye kovu au imeota kinundu kwenye ncha yake. Hapo huchomwa mililita 2 tu za mchanganyiko wa bupivakeini na deksamethasoni. Maumivu yakipotea ndani ya dakika chache, mahali pamepatikana, hata kama nafuu ya kwanza haitadumu. Baadhi hupata miezi kwa sindano moja. Baadhi wanahitaji kurudia. Wachache hawapati kitu.

Kama maumivu yametanda kwapani na mkononi, huchomwa neva ya kwapani kwa kuongozwa na ultrasaundi. Kuna pia mawimbi ya redio yanayotuliza neva, na upasuaji mdogo wa kukitoa kinundu, kwa waliothibitika kwanza kwa sindano ya majaribio. Vidonge vya jamii ya mofini kwa maumivu ya miaka mitatu tusingevishauri. Nafuu yake kwa neva ni ndogo na mwili huvizoea.

Siku ya sindano, aandike maumivu yake kwa namba kutoka 0 hadi 10 kabla ya kuchomwa, nusu saa baada yake, jioni, kisha kila siku kwa wiki mbili. Karatasi hiyo airudishe kliniki. Bila hiyo, daktari atauliza "ilisaidia?", mama atajibu "kidogo", na uamuzi wa hatua inayofuata utafanywa kwa kubahatisha.